Tofali Elfu Tano na Arobaini

"Kuanzia mmoja mpaka kumi, njooni mnavyotaka! Mje wawili, mje saba, mje tisa na mgonjwa wenu kwenye machela, nitawagawia sawasawa na sitabakiza hata tofali moja. Likibaki, nitalitafuna hapa hapa bila chumvi, na kalibu yangu mpeni Kasmiri!"

Wankyo aliyasema hayo mbele ya mkutano wa kijiji, amesimama juu ya mizani ya pamba kwa sababu ghala la ushirika halikuwa na jukwaa. Kila alipopiga mguu chini, mshale wa mizani ulirukaruka kama nao unashangilia. Waliokaa mbele walipata faida mbili: walisikia majigambo yake, na wakajua uzito wake.

Ilikuwa 1974, mwaka wa malori. Watu walikuwa wameshushwa kwenye kijiji kipya, njia ya kutoka Butiama kwenda Buhemba, na vitanda vyao, kuku wao na mawe yao ya kusagia. Kijiji chenyewe bado kilikuwa kamba na vigingi. Ukiuliza barabara kuu iko wapi, unaonyeshwa kamba. Ukiuliza zahanati, unaonyeshwa kigingi. Kamati ilikuwa imeamua kwamba kila shina la nyumba kumi lijenge nyumba moja ya mfano, msingi na kona za tofali la kuchoma, kuta za tofali bichi, ili wakubwa wakipita kwenye Land Rover waone kwamba maendeleo yamefika na yamesimama wima.

Tofali la kuchoma lilikuwa la Wankyo. Bonde la mfinyanzi lilikuwa chini kidogo ya kijiji, na tanuru lake lilifuka moshi pale kabla kamba ya kwanza haijafungwa. Lakini katibu wa kijiji, Kasmiri, alikuwa na mawazo yake. Kasmiri alikuwa amesoma, ana kalamu mbili mfukoni, na ana kalibu ya chuma inayofyatua tofali nne kwa mpigo. Alitaka bonde liwe la kikosi cha kazi cha kijiji, na kikosi kiwe chake.

"Mama mmoja na kikalibu cha mbao hawezi kulisha kijiji," alisema mkutanoni. "Na hata akiweza kufyatua, atagawaje? Tofali zitaliwa na wenye sauti kubwa."

Ndipo Wankyo akapanda mizani.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Makongoro, mfugaji mrefu asiyevua kofia, aliyafunga majigambo yale yasije yakatoroka. "Basi. Tanuru linalofuata, wote wenye haki ya tofali kijijini watapata sawa kwa sawa. Bila kuongeza tofali, bila kupunguza. Zikiisha zote, bonde ni la Mama Clementi. Likibaki hata moja, bonde na kazi vinakwenda kwa Ndugu Kasmiri."

Mama Clementi ndiye huyo Wankyo, kwa jina la kifungua mimba wake. Alishuka kwenye mizani akitabasamu. Bonde lile ndilo lilikuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake. Akilikosa, angebaki na jembe na mgongo ambao jembe lilishaanza kuugombanisha naye.

Lakini hakuwa anabahatisha. Alikuwa na namba.

*

Wankyo alizaliwa Bukima, ziwani, na ugomvi wa kwanza aliouona duniani ulikuwa wa samaki wa mwisho. Mtumbwi wa baba yake ulikuwa wa watu watano. Walipogawana sato na ningu ufukoni, mafungu yalikwenda vizuri mpaka mwisho, halafu akabaki samaki mmoja au wawili, wametoa macho, hawana mwenyewe. Hapo ndipo watu wazima walipokumbuka nani alichelewa, nani alikopa wavu, mama wa nani aliongea nini msibani. Baba yake na jirani yake walikaa masika nzima hawasalimiani kwa sababu ya ningu mmoja, ambaye hatimaye alioza hajaliwa na mtu.

Akaolewa Musoma mjini, Mukendo, na fundi tofali aitwaye Bernado. Bernado alikuwa mpole kama udongo wake. Homa ilipomchukua, shemeji zake Wankyo walikuja kugawana vitu, wakachukua baiskeli, wakachukua redio, wakaiacha kalibu ya mbao kwa sababu ilikuwa na matope. Wankyo akaiosha, akahamia bara, mbali na ziwa, akatafuta bonde.

Kule akakutana tena na samaki wa mwisho, safari hii ana pembe nne. Watu walikuwa wanaungana kuchoma tanuru moja: hawa wanaleta kuni, wale wanachota maji, yeye anafyatua, kisha wanagawana. Ndugu watatu walibakiwa na tofali moja wakaligonga kwa panga. Kila mmoja akaenda nyumbani na kipande kisichofaa hata kumtupia mbwa. Familia saba za kwaya, watu wa Mungu kabisa, zilibakiwa na tofali tatu, na kwaya ikaimba sauti mbili tu mpaka Pasaka.

Mwingine angetafuta namna ya kuwapatanisha watu. Wankyo aliona hiyo kazi haina mwisho. Akaamua kuipatanisha namba kwanza, watu watafuata.

Alikuwa amefika darasa la nne na hakuogopa hesabu. Alitaka rundo moja la kudumu, rundo ambalo yeyote akija, na wenzake wangapi, mpaka kumi, linafunguka. Wasumbufu walikuwa wakubwa wanne: saba, nane, tisa na kumi. Basi akawajenga hao. Tofali kumi kwenda mbele. Safu tisa kwenda pembeni. Tabaka nane kwenda juu. Rundo hilo lina tofali mia saba na ishirini. Kisha akasimamisha marundo kama hayo saba, yamejipanga kama askari. Jumla: elfu tano na arobaini.

Uzuri wake unaonekana kwa macho, huhitaji kalamu. Wakija saba, kila mmoja rundo lake, kwaheri. Wakija nane, kila mmoja tabaka moja katika kila rundo. Wakija tisa, safu moja ya pembeni. Wakija kumi, unakata kutoka mbele. Na wadogo wote wamo ndani ya matumbo ya wakubwa: mbili na nne wamelala ndani ya nane, tatu yumo ndani ya tisa, tano yumo ndani ya kumi. Sita ana uso wa upole lakini mjanja. Anachukua mbili yake kwa nane na tatu yake kwa tisa, anaingia.

Tofali zilizopasuka Wankyo hakuzihesabu. Alichoma za ziada, mbovu akazitupa pembeni, marundo saba yakawa ya nzima tupu. Na akaizungumza namba ile kama watu wanavyomzungumza mkwe mwenye mali. "Elfu Tano na Arobaini hachaguagi mgeni," aliwaambia wateja. "Nyie njooni tu."

*

Kabla ya kupanga tanuru la kijiji, alimwendea Makongoro penye zizi lake.

"Mwenyekiti, mashina mangapi?"

Makongoro akatazama mbali, akatafuna kijiti. "Kumi."

"Kumi kamili?"

"Si nimekwambia, mama? Kumi."

Wankyo akarudi bondeni anaimba.

Siku moja, marundo yakiwa yamekwisha simama, alikuja mwalimu Pastory. Pastory alikuwa kijana kutoka Bunda, mwalimu pekee wa shule ambayo bado ilikuwa paa la nyasi juu ya watoto. Kwa kuwa hakukuwa na nyumba ya mwalimu, Makongoro alikuwa amempa nafasi kwenye stoo yake, kati ya magunia ya pamba na ndama mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Unanuka ndama."

"Ndiyo kilichonileta. Naomba vipande vinne niinue kitanda. Anakojoaga upande wangu."

"Chukua kwenye mbovu pale. Bunda wamekwambiaje?"

"Nafasi ya kufundisha ipo, na nyumba ipo. Wanataka niwajibu kabla ya mvua." Alisema bila furaha, watoto wa kijiji kile alikuwa ameanza kuwazoea, ila ndama hapana. Kisha akayaona marundo, akayazunguka, midomo ikichezacheza.

"Mama, hii umezidisha. Nusu yake ingetosha. Elfu mbili mia tano na ishirini inagawanyika kwa moja mpaka kumi, wote. Na hakuna ndogo kuliko hiyo inayoweza."

"Naijua hiyo. Nilianzaga nayo. Wakija watu kumi na sita inakataa. Hii inakubali. Halafu mwalimu, wewe ukiwa na wageni unasonga ugali wa kutosha tu, kijiko cha mwisho kiingie mdomo wa mwisho? Utachekwa."

Pastory alicheka. "Na wakija kumi na moja?"

"Kumi na moja wa wapi?"

"Nasema tu, wakija. Hiyo ni namba tasa, mama. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbili, tatu, tano na saba nazo ni tasa, lakini hizo umeshazikaribisha ndani. Kumi na moja haimo katika saba, wala nane, wala tisa, wala kumi. Upange marundo unavyotaka, haina mlango. Kumi na tatu vilevile."

"Mwenyekiti kasema kumi. Nimemuuliza mara mbili."

"Basi una raha," alisema Pastory, akabeba vipande vyake.

*

Siku ya kugawa, kijiji kizima kilihamia bondeni. Mikokoteni ilikuja, vikapu vilikuja, na wasiokuwa na kazi walikuja mapema kuliko wote. Kasmiri alikuwa amevaa shati la mkutano. Mabalozi wa mashina waliketi mstari mmoja mbele ya marundo. Wankyo, kwenye kiti chake cha siku zote, tofali lililovunjika pembe, aliwahesabu kwa macho: kumi. Vizuri. Akainuka.

Mzee Makongoro naye akaja, akaketi chini, mwisho wa mstari.

"Mwenyekiti, njoo huku, kiti chako hiki."

"Hapa panatosha. Nimekaa na mabalozi wenzangu."

"Wewe ni balozi?"

"Wa shina la kule juu, penye zizi."

Wankyo alihisi ardhi ya bonde lake ikilainika. "Mwenyekiti. Uliniambia mashina kumi."

"Nilikuambia."

"Ni kumi na moja!"

"Ndiyo yalivyo," alisema Makongoro, kwa utulivu wa mtu ambaye hajakosa. "Sasa mama, ulitaka niyataje yote?"

Wafugaji waliokuwepo waliitikia kwa kichwa, wakielewa kabisa. Kwao Makongoro, mifugo haitajwi idadi yote. Ukiulizwa una ng'ombe wangapi, unapunguza mmoja, yule mzuri, ili jicho la mtu na pua ya fisi visijue pa kuanzia. Bwana mifugo alijua tangu zamani. Akiambiwa na mtu wa pale ishirini, anaandaa dawa ya ishirini na mmoja, kimya kimya. Makongoro alipoulizwa kijiji chake, alikihesabu kama kundi, na akaficha aliyempenda zaidi, yaani shina lake mwenyewe. Wankyo angejuaje? Yeye mtoto wa wavuvi. Samaki hafichiki, ananuka.

Kasmiri alikuwa ameshapiga hesabu. Na hesabu ya Kasmiri ilikuwa sahihi, hilo ndilo lililouma.

"Elfu tano na arobaini kwa kumi na moja," alitangaza. "Kila shina mia nne hamsini na nane. Zinabaki mbili."

"Mbili!" alipaza sauti Nyamhanga, mtu aliyekuja bila kikapu. "Moja ya mchana, moja ya jioni! Mleteeni maji ateremshie!"

Bonde zima likacheka. Selestina, balozi wa shina la chini, mama wa watoto sita na mdomo wa kuwatosha wote, ndiye peke yake aliyemtetea. "Nyamhanga funga bakuli lako. Yeye si alisema mpaka kumi? Hawa wamemletea kumi na moja."

"Makubaliano hayakuwa mpaka kumi," alisema Kasmiri. "Makubaliano ni wote wenye haki. Tuulize mwenyekiti."

"Wote wenye haki," alikubali Makongoro, na sasa alionekana kujisikia vibaya kidogo. "Nilisema hivyo."

"Sijitetei kwa kumi," alisema Wankyo. "Nilisema njooni wote. Mmekuja wote. Nipeni nafasi nitazame."

Akaanza kuyazunguka marundo. Watu walidhani anaaga. Kalibu ya Bernado ilikuwa imeegemezwa kwenye tanuru, na mpini wake ulikuwa na kishimo alichokichimba Bernado kwa dole gumba, miaka ya kufyatua, na ambacho sasa dole gumba la Wankyo lilikuwa limekizoea. Kuiona mikononi mwa Kasmiri! Na Kasmiri hata asingeitumia. Angeitundika ofisini.

Alisimama mbele ya uso wa rundo la kwanza. Tisa kwenda pembeni, nane kwenda juu. Mwalimu alisema kweli: kumi na moja hakuwa na pa kushika. Akimsukuma pembeni, anaangukia nje. Akimpandisha juu, anachungulia. Angeweza kupanga na kupangua mpaka mvua ije, wawili wangebaki wamesimama palepale kama mashahidi.

Basi amwache kumi na moja. Alitazama uso ule ule kwa jicho lingine. Tisa, akaikata kwa macho: tatu, tatu, tatu. Nane: mbili, mbili, mbili, mbili. Vyumba vitatu chini, ghorofa nne juu. Akavihesabu vyumba kwa kidole, akafika mwisho, akarudia kuhakikisha. Kisha akacheka peke yake, na Nyamhanga akasema, "Tayari, kichaa kimempanda kichwani."

Wankyo aligeuka.

"Mwenyekiti, ulisema kumi, mkawa kumi na moja. Nakuuliza tena mbele za watu: ni nani mwingine umemficha?"

"Hakuna, mama. Naapa."

"Yupo. Analala kwako na ndama."

Watu wote wakamgeukia Pastory, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na majani makavu ya ndama kwenye sweta yake.

"Mwalimu, usijifiche, simama mbele. Huyu ana haki ya tofali kijijini au hana? Akiwa nayo, wenye haki ni kumi na mbili. Na kumi na mbili kwa Elfu Tano na Arobaini anaingia mlango wa mbele na kofia kichwani. Kila mmoja mia nne na ishirini. Habaki mtu, halibaki tofali."

"Hapana!" Kasmiri aliinua kalamu. "Ndugu wananchi, huku ni kuzua mtu ili hesabu ikubali. Mwalimu ni wa serikali. Serikali itamjengea."

"Lini?" aliuliza Selestina.

"Itakapopanga."

"Mwalimu wa kwanza aliondoka na lori lile lile lililomleta," alisema Selestina. "Hata chaki hakushusha. Huyu naye Bunda wanamuita, wana nyumba, kila mtu anajua. Itapanga kabla au baada?"

Kasmiri hakuwa mjinga, na hakuwa mbaya. Alijua pa kugusa. "Sawa. Basi wajue bei. Kwa mgawo wa kumi na moja kila shina linapata mia nne hamsini na nane. Kwa mgawo wa Mama Clementi, mia nne na ishirini. Kila shina linapoteza tofali thelathini na nane, ili mama mmoja asipoteze bonde."

Kicheko kikaisha. Tofali thelathini na nane, mtu aliweza kuziona pale pale kwenye mkokoteni wake, zikishuka. Mabalozi wakaanza kunong'onezana, na minong'ono haikuwa ya heri.

Wankyo angeweza kubisha. Hakubisha. "Kasema kweli. Thelathini na nane ni jiko. Nyumba ya mfano itasimama bila jiko mpaka tanuru lijalo. Na kweli bonde nalitaka, sijawahi kuficha. Mimi si mwenyekiti."

Makongoro alikohoa chini ya kofia.

"Lakini mwalimu sikumzua," aliendelea. "Nimemkuta. Ninyi mlishampitia kila asubuhi akitoka stoo, mkamsalimia, mkaenda. Tukimhesabu, mnapungukiwa jiko. Tusipomhesabu, hesabu ya Kasmiri ni safi, bonde mchukue, na watoto mwafundishe wenyewe. Nyamhanga ataanza na darasa la kwanza."

"Mungu apishe mbali," alisema mtu, na hata Nyamhanga akacheka.

Selestina akasimama, akakung'uta kanga. "Shina langu, nyumba yetu ya mfano itapika nje. Sita wangu wakijua kusoma, moshi nitauvumilia." Akanyoosha mkono.

Mikono ikaanza kupanda, mmoja hapa, mmoja pale, mabalozi wakitazamana kwanza. Ikafika nusu ikasimama. Waliobaki walimtazama Makongoro.

Mzee aliinuka. "Mimi," alisema, "tangu tuhamie hapa silali vizuri. Nikitaja mashina kumi, Katibu anasema kumi na moja. Kila kikao cha kamati anayataja yote, kila kikao. Ni kama kuwaita fisi kwa majina. Lakini tukiwa kumi na mbili, wakiniuliza wakubwa nitajibu kumi na moja, Katibu hatanisahihisha, na kutakuwa na mmoja amefichika. Hiyo naipenda." Akanyoosha mkono mrefu. "Na ndama wangu naye apumzike. Mwalimu anakoromaga."

Wafugaji wote wakanyoosha. Ilikuwa sababu ambayo hakuna kitabu cha hesabu kingeikubali, lakini kura ni kura.

Kasmiri alirudisha kalamu mfukoni. "Mkutano umeamua. Ila makubaliano ni yale yale. Tofali likibaki, limebaki."

"Kaa hapo uangalie," alisema Wankyo.

Akaanza kukata. Safu tatu kwa tabaka mbili, tofali kumi kwenda ndani: sitini kwa kila rundo, kwa kila mwenye haki, marundo saba. Hakuhesabu moja moja. Aliweka kiganja, akasema "hapa", na vijana wa shina wakabeba. Mikokoteni ikaondoka ikilalamika mmoja baada ya mwingine. Fungu la mwisho, la mwalimu, lilibebwa na watoto wa shule kwa vichwa, tofali moja moja, wakiimba kwa fujo. Lilipotoka, mahali pa marundo saba palikuwa uwanja mtupu wenye mistari ya vumbi jekundu.

Wankyo akarudi kukaa, Kasmiri akauzunguka uwanja wote. Aliangalia nyuma ya tanuru. Kisha akasimama.

"Na hilo unalokalia?"

Watu wakasogea karibu. Wankyo aliinuka taratibu, akakipindua kiti chake kwa mguu. Pembe ilikuwa imekatika, na ufa umepita tumboni.

"Bovu, Katibu. La mwaka juzi. Unataka kulitafuna wewe?"

*

Nyumba ya mwalimu ilisimama kabla ya mvua, kona nne nyekundu na kuta za tofali bichi, na Pastory akawajibu Bunda kwamba ameshapata. Kalibu ilibaki bondeni. Wankyo aliendelea kujenga marundo saba, lakini majigambo aliyafanyia marekebisho: sasa alisema "mpaka kumi, na kumi na mbili", na alisema haraka, kama mtu anayeruka shimo.

Jioni moja Pastory alipita bondeni akachukua kijiti. "Mama, nimekutafutia. Ukitaka kumkaribisha kumi na moja, zidisha rundo lote kwa kumi na moja. Elfu hamsini na tano, mia nne na arobaini."

"Na kumi na tatu?"

Pastory akaandika mchangani: 720720. "Laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini. Hii inagawanyika kwa moja mpaka kumi na sita, wote, na hakuna ndogo kuliko hiyo inayoweza. Angalia inavyoandikwa. Rundo lako moja, mia saba na ishirini, limeandikwa mara mbili."

Wankyo aliinama akaitazama namba ile muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mwanaume yeyote baada ya Bernado.

"Nzuri," alisema mwishowe. "Nzuri sana. Lakini udongo wa kuijenga hiyo, itabidi tufyatue mpaka Butiama yenyewe. Wakija kumi na tatu nitawaambia wakamtafute mwenzao."

Namba ile hakuifuta. Mvua ndiyo iliyoifuta.

Kasmiri alikuja mvua zilipokatika, peke yake, bila shati la mkutano. Kikosi chake kilikuwa kinafyatua tofali bichi huko juu na kalibu ya chuma, kazi nzuri tu. Lakini mke wake alitaka jiko, na jiko halitaki tofali bichi.

"Hodi, Mama Clementi."

"Karibu, Katibu. Kaa." Akamsogezea tofali bovu.

Kasmiri alilitazama, akakaa. "Nataka tofali za jiko."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

Wankyo alimkazia macho. "Unanichokoza."

"Sikuchokozi, mama. Nimepima kwa kamba. Jiko letu dogo, si la nyumba ya mfano, linataka kumi na moja."

"Hapa kumi na moja haiuzwi. Chukua kumi na mbili, hilo la mwisho mkeo atalikalia akipika."

Kasmiri alifikiri, akatoa pochi. "Bei?"

Tofali moja, senti ishirini. Kumi na mbili, shilingi mbili na senti arobaini.